Tina Turner 1984: alirudije hasa, na bendi yenye mwimbaji mkongwe ichukue nini kwake?

KinandaNakawa

Habari wakuu. Bendi yetu hupiga hotelini Ijumaa na Jumamosi hapa Kampala. Mwimbaji wetu ni mama wa miaka 52, ana sauti ya mkwaruzo, roki na soul ndiko kwao, na waliokuwa vijana miaka ya tisini bado wanalikumbuka jina lake. Anataka kurekodi tena. Kila kikao lazima mtu amtaje Tina Turner: mbona yeye alishika namba moja Marekani akiwa na miaka 44? Ukiuliza ilifanyikaje, kimya.

Naomba wenye kujua mniwekee wazi mambo matatu. Kwanza, hatua zilifuatana vipi, maana kila mtu anasimulia habari ya wimbo mmoja uliomwokoa. Pili, sauti ya zile rekodi ilijengwaje, na bendi zikizipiga jukwaani hukosea wapi. Tatu, tukirekodi nyimbo za watu hapa Uganda, ruhusa tunaomba kwa nani.

Tupo saba: drams, besi, magitaa mawili, kinanda, saksafoni ya alto na mwimbaji. Pesa ya studio inatosha nyimbo tatu, si albamu.

SanturiNaKaseti

Habari ya wimbo mmoja iwekeni kando. Tangu alipomkimbia Ike, mumewe aliyekuwa akipiga naye muziki, mjini Dallas, Julai 1976, hadi aliposhika namba 1 Marekani tarehe 1 Septemba 1984, ni miaka minane, na karibu yote aliipitisha jukwaani. Albamu zake mbili za baada ya kuachana, Rough ya 1978 na Love Explosion ya 1979, zilipita bila kuuza. Akabaki bila lebo, akizunguka mahoteli na kumbi za Las Vegas na bendi ya suti na wacheza shoo. Watu walilipa kuja kuona kumbukumbu. Hilo ndilo lililohitaji kuvunjwa kwanza.

Meneja wake mpya, Roger Davies wa Australia, hakukimbilia studio. Alianza na jukwaa: bendi ya zamani ikaondolewa, suti zikaondolewa, likaja kundi dogo la roki. Mwaka 1981 wakapiga The Ritz, klabu ya New York iliyojaa vijana wa roki. Mwaka huohuo Rod Stewart akaimba naye kwenye televisheni, na The Rolling Stones wakamchukua afungue baadhi ya shoo zao za Marekani. Kwa hiyo kabla hajatoa chochote kipya, watazamaji wake walishabadilika. Mkirekodi leo huku mnapiga kila wiki mbele ya watu walewale wa hotelini, hatua hii mmeiruka, na kwangu ndiyo hatua ambayo wengi huiruka.

Baadaye wakaingia vijana wawili wa sinthesaiza kutoka Sheffield, Martyn Ware na Ian Craig Marsh, walioanzisha Heaven 17. Kwa jina la B.E.F. walikuwa wanatengeneza albamu ya nyimbo za zamani kwa waimbaji mbalimbali, wakampa Ball of Confusion ya The Temptations. Hiyo ni 1982. Huko Uingereza na Marekani haikuwa hiti, lakini ilionyesha kwamba sauti ile ya kanisani na vumbi inaweza kukaa juu ya mashine baridi na ikasikika mpya. Mwaka 1983 Capitol, lebo iliyokuwa ya EMI, wakamsaini, na David Bowie, ambaye naye alikuwa ameingia kundi la EMI, alisaidia kwa kuwavuta wakubwa wa kampuni waende kumwona The Ritz.

Novemba 1983 ikatoka Uingereza singo ya Let's Stay Together, wimbo wa Al Green wa 1971, Ware na Greg Walsh wakiwa maprodyuza. Ikafika namba 6. Nakala za Uingereza zikaanza kuuzwa Marekani kwa njia ya waagizaji, ndipo Capitol ya huko ikaamka, ikaitoa (ilifika 26) na kutaka albamu kwa haraka. Private Dancer ikarekodiwa London kwa takriban wiki mbili na kutoka mwishoni mwa Mei 1984.

Angalieni pia kwa nini Uingereza ilitangulia. Chati ya huko ilihesabu mauzo ya madukani tu, na kuanzia 1983 kampuni ya utafiti ya Gallup walikuwa wakikusanya takwimu kwa mashine zilizowekwa madukani. Wimbo ukiuzwa wiki hii, wiki ijayo unaonekana. Hot 100, chati ya Marekani ya jarida la Billboard, ilichanganya mauzo na redio, na redio za Marekani ni nyingi na nzito kugeuka. Ndiyo maana What's Love Got to Do with It ilitoka Mei na ikachukua zaidi ya miezi mitatu kupanda hadi 1, kisha ikakaa hapo wiki tatu. Uingereza iliishia namba 3. Better Be Good to Me ikafika 5 Marekani, Private Dancer yenyewe 7. Februari 1985 What's Love ikapata Grammy ya rekodi ya mwaka.

Sasa jambo ambalo mngelibandika ukutani pa chumba cha mazoezi: karibu nyimbo zote hizo zilikuwa zimeshapita mikononi mwa mtu mwingine. Let's Stay Together ni ya Al Green. I Can't Stand the Rain ni ya Ann Peebles, 1973. 1984 ni ya Bowie mwenyewe, 1974. Better Be Good to Me ilishatolewa na kundi la Spider mwaka 1981. Private Dancer Mark Knopfler aliiandika kwa ajili ya Dire Straits, akaiweka pembeni kwa kuona maneno yake hayakai kinywani mwa mwanamume. What's Love, ya Terry Britten na Graham Lyle, ilishazungushwa kwa wengine, na Bucks Fizz waliirekodi bila kuitoa. Tina mwenyewe mwanzoni hakuipenda. Iliyoandikwa hasa kwa ajili yake ni I Might Have Been Queen. Na huyu ni mtu anayejua kuandika, maana Nutbush City Limits ya 1973 ni yake.

Kwa hiyo ule ubishi wa vikao vyenu kuhusu nyimbo zetu au za watu umekaa vibaya. Jiulizeni kama mama wa miaka 52 akiimba maneno haya, msikilizaji atamwamini. What's Love ni mtu mzima anayekataa kudanganywa tena. Binti wa miaka 20 akiimba hivyo anasikika anajisifu tu.

Ushauri wangu kwa nyimbo tatu: mmoja unaojulikana lakini mkaujenga upya kabisa, miwili kutoka kwa waandishi walio nje ya bendi. Andaeni nyimbo kumi na mbili hadi kumi na tano za kujaribu, kinanda na sauti tu, rekodi ya simu inatosha. Anayechagua asiwe mtu wa bendi.

FundiMikisa_Ntinda

Niingie kwenye swali la pili. Bendi nyingi zinaipiga What's Love kama roki nzito: gitaa lenye kelele, drams zinagongwa kwa nguvu tangu ubeti wa kwanza. Sikilizeni rekodi tena. Mwendo ni takriban mipigo 98 kwa dakika, gitaa ni safi na limekatwa kama la reggae, kinanda kimejaza nafasi, hata ile harmonika ya katikati ni kinanda. Uroki wote uko kooni mwa mwimbaji. Mkijaza chini kwa magitaa mawili yenye kelele, mkwaruzo wake unagombana nayo, maana vyote vinakaa eneo moja, kati ya 2 na 4 kHz. Fundi anaishia kumpandisha sauti, maiki inaanza kupiga mluzi, na mama anapiga kelele kushindana na spika. Kufikia wimbo wa sita sauti imekwisha.

Gitaa moja libaki safi, la pili lisubiri kiitikio. Mpiga besi asijaze nafasi anapoimba ubeti wa chini. Let's Stay Together ni somo zuri zaidi: inaanza polepole, sauti juu ya kinanda kinachotandaza kodi ndefu, hakuna mdundo. Mdundo unaingia baadaye. Bendi huogopa ukimya ule, mpiga drams anaanza kugusagusa hai-hati. Mwambieni aweke vijiti chini kabisa hadi zamu yake.

Maiki ya jukwaani. Kama ni Shure SM58 au aina hiyo, akiigusisha mdomo besi inavimba, kwa hiyo kata chini ya 100 Hz kwenye chaneli yake. Kompresa (kifaa cha kubana vilele vya sauti) iwe 3:1 au 4:1, shambulio, yaani muda kabla haijaanza kubana, la milisekunde 10 hadi 30 ili mwanzo wa neno upite, na usiibane zaidi ya desibeli 6 anapofikia kilele. Mkwaruzo ukichoma masikio, punguza desibeli 2 au 3 kwenye 3 kHz, usiondoe zaidi, maana ndiyo sura yake. Monita, ile spika ya mwimbaji kujisikia, kwa SM58 ikae nyuma kabisa ya maiki, mkabala na uso wa mwimbaji. Ukibadili maiki ikawa ya aina inayobana zaidi, supakadioidi, nyuma ndiko inakosikia, kwa hiyo monita mbili ziwekwe pembeni, nyuzi kama 120 kutoka mbele. Shoo nyingi zinapiga mluzi kwa sababu hiyo tu: maiki ilibadilishwa, monita haikuhamishwa.

Umeme. Mnapohamia jenereta, kinanda na kompyuta viwe kwenye UPS (betri ya akiba). Kinanda kikizimika sekunde moja, kinarudi na mpangilio wake wa kwanza, na kama mlikuwa mmehamisha kii (ufunguo wa wimbo) kwa kitufe, mnaingia ubeti wa pili mkiwa kwenye kii mbili tofauti. Mngurumo wa 50 Hz ukisikika, tumieni kisanduku cha DI (cha kuunganisha chombo na mixa) chenye swichi ya kukata ardhi kwenye waya wa sauti. Pini ya ardhi kwenye plagi msiing'oe kamwe, hiyo inaua.

Studio. Drams, besi na kinanda zirekodiwe pamoja na sauti ya mwongozo, kwa kliki ya kuhesabu mwendo, biti 24, 48 kHz, vilele visizidi -8 dBFS kwenye mita ya kidijitali. Sauti ya mwisho siku nyingine kabisa, Jumanne au Jumatano, kamwe si Jumatatu baada ya wikendi ya shoo mbili. Chumba kikiwa hakijatengenezwa vizuri, maiki ya dainamiki (aina ya SM58) inashinda kondensa, ile ya studio yenye usikivu mkali, maana kondensa itachukua kila boda inayopita barabarani. Umbali sentimita 15 hivi, na kichujio cha pumzi mbele.

Aimbe wimbo mzima mara tano au sita, halafu pumziko la dakika 20, kisha sehemu zilizobaki tu. Msimkatie mstari kwa mstari tangu mwanzo: mwimbaji wa jukwaani anajenga hasira ya kiitikio kutoka kwenye ubeti, ukimkatiza unapata maneno sahihi yasiyo na damu. Programu ya kunyoosha sauti itumike kwa noti moja moja, polepole. Ukiiweka kwa nguvu kwenye koo lenye mkwaruzo, inashindwa kujua noti iko wapi na inatoa mitetemo ya ajabu.

Masta, yaani nakala ya mwisho, iishie -1 dBTP (kilele halisi desibeli moja chini ya mwisho wa mita). Majukwaa mengi ya kusikilizia mtandaoni yatashusha kila kitu kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) hivi, kwa hiyo mkiibana hadi -7 hamtasikika zaidi ya wengine, mtakuwa mmeua tu tofauti kati ya ubeti na kiitikio.

BesiBwaise

Nakubaliana na SanturiNaKaseti nusu. Mnamfanya Tina kuwa njia pekee, na njia yake ilihitaji meneja mwenye simu za London na New York. Wapo waliorudi kwa mlango mwingine.

Aerosmith 1986: Run-DMC waliichukua Walk This Way, wimbo wa Aerosmith wa miaka ya 70, wakaifanya rap, Steven Tyler na Joe Perry wakashiriki. Ikafika namba 4 Marekani. Santana 1999: Smooth pamoja na Rob Thomas, wiki 12 namba 1. Hapo mkongwe hakubadilisha anachofanya hata kidogo. Alikaa na gitaa lake, kijana akaleta wasikilizaji. Cher 1998: Believe ilitengenezwa London, programu ya kunyoosha sauti ikawekwa makusudi kwenye kasi ya juu kabisa hadi sauti ikakatika kama mashine. Wiki saba namba 1 Uingereza, na Machi 1999 namba 1 Marekani akiwa na miaka 52, umri uleule wa mama yenu. Kwa hiyo, ssebo FundiMikisa, kuna mahali ambapo kuiweka kwa nguvu ndiko kulikofanya kazi, ingawa Cher hana mkwaruzo.

Na Meat Loaf, 1993, alifanya kinyume cha yote. Hakutafuta sauti mpya. Alirudi kwa Jim Steinman, mwandishi wake wa 1977, akaimba wimbo ambao kwenye albamu unazidi dakika 11, mtindo uleule wa zamani uliokuzwa zaidi. I'd Do Anything for Love ilishika namba 1 katika nchi 28. Wimbo ulikatwa kwa ajili ya redio, ndiyo, lakini ladha haikuguswa.

Kwa Kampala mimi ningechukua njia ya Run-DMC. Wimbo mmoja wa zamani wa mama huyu, ambao tayari watu wanaujua, apewe msanii kijana atie mistari yake mipya, mama abaki na kiitikio chake vilevile kilivyokuwa. Hakuna haja ya kuwafundisha watu kiitikio kipya.

SanturiNaKaseti

BesiBwaise, Walk This Way naikubali, lakini angalia kilichofuata. Wimbo ule uliwafungulia mlango, kisha Aerosmith wakaingia studio na waandishi wa nje kwa ajili ya Permanent Vacation ya 1987, yaani wakarudi kwenye njia ninayoisema. Na kolabo ina hatari yake: kijana akiwa maarufu kuliko mama, orodha za redio zitautaja wimbo kwa jina la kijana. Andikeni mapema jina la nani linatangulia.

Mfano wa kuonyesha kwamba kuujenga upya wimbo si kuurudia tu ni The Best. Bonnie Tyler aliutoa 1988, Uingereza ukaishia namba 95. Tina akauchukua, akaomba kipande cha kati kiongezwe na kii ipande baadaye, Edgar Winter akapiga saksafoni, na 1989 ukafika namba 5 Uingereza na 15 Marekani. Waandishi walewale, Mike Chapman na Holly Knight, kiitikio kilekile. Ukiwa na wimbo mzuri uliofeli, kagua umbo lake kabla ya kuutupa: unapanda wapi, unapumua wapi, dakika ya tatu inatoa nini ambacho dakika ya kwanza haikutoa?

Hakishiriki256

Swali la tatu, maana hapa ndipo pesa hupotea.

Tenganisheni haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, ambayo ni ya waandishi na wachapishaji wao. Kuna haki ya rekodi, ambayo ni ya lebo au aliyeilipia. Mkiipiga Let's Stay Together upya kwa vyombo vyenu, mnagusa ya kwanza tu. Mkichukua hata sekunde nne za rekodi ya zamani mkaziweka kwenye wimbo wenu, mmegusa zote mbili. Watunzi wa wimbo huo ni watatu, Al Green, Willie Mitchell na Al Jackson Jr., na wote lazima waandikwe. Kumwandika Tina kama mtunzi, kama wengi wanavyofanya, ni kosa linaloweza kufanya wimbo uondolewe.

Kupiga jukwaani hotelini ni utumbuizaji wa hadharani. Leseni yake hapa hutolewa na UPRS, chama cha kukusanya mirabaha ya muziki, na kwa kawaida mwenye ukumbi ndiye anayelipa. Ulizeni hoteli kama inayo, na wapeni orodha ya nyimbo mnazopiga kila shoo, maana bila orodha hakuna wa kugawiwa.

Kurekodi na kutoa ni ruhusa nyingine. Wasambazaji kadhaa wa mtandaoni wana huduma ya leseni ya kava, yaani kurekodi upya wimbo wa mtu. Someni inahusu nchi gani, kwa sababu nyingine zinaishia Marekani. Video ni ruhusa ya tatu, ya kuoanisha muziki na picha, na leseni ya kava ya sauti haiifuniki. Na mkitaka kuutafsiri kwa Kiganda au Kiswahili, hilo ni tendo jipya kabisa: tafsiri inahitaji idhini ya mchapishaji kwa maandishi, hata kama kava ya Kiingereza imeruhusiwa. Banange, hapa ndipo bendi nyingi zinajikwaa, zinadhani kubadili lugha kunaufanya wimbo kuwa wao.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 2006, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo wimbo wowote wa roki mnaoufikiria, chukulieni kwamba una mwenyewe.

Nyimbo za zamani za mama yenu: kabla ya kufuata pendekezo la BesiBwaise, tafuteni mkataba wa wakati ule. Studio au msambazaji wa kaseti anaweza kuwa ndiye mwenye rekodi. Kama utunzi ni wake, kuurekodi upya kunawapa rekodi mpya ambayo ni yenu. Kama aliuza na utunzi, mtaomba kama watu baki.

Karatasi ya mgawanyo isainiwe kabla ya kuingia studio: majina kamili, nani alitunga nini, asilimia zifike 100. Usajili kwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, si sharti la kuwa na haki, lakini mkigombana ndio ushahidi wa kwanza kuulizwa.

Upande wa kutoa: kila rekodi iwe na ISRC yake, namba ya kuitambulisha, herufi na tarakimu 12. Toleo la redio, remiksi na toleo la jukwaani kila moja na ya kwake. Jina la mwimbaji liandikwe sawasawa kila mahali. Wakongwe wanaumia sana hapa: nyimbo za zamani ziko chini ya jina lenye herufi mbili, mpya chini ya herufi moja, majukwaa yanatengeneza wasanii wawili, na msikilizaji aliyempenda kwenye wimbo mpya haoni za zamani. Rekebisheni hilo wiki nne kabla ya siku ya kutoa. Picha ya jalada pikseli 3000 kwa 3000. Kwa Spotify, wimbo upelekwe kwa wahariri wao angalau siku saba kabla. Baada ya kutoka hawapokei tena.

Kuhusu chati, msijipime kwa Billboard. Hapa kuna orodha za redio, ambazo kila kituo kinajipangia, na kuna orodha ya nyimbo 100 ya Apple Music kwa Uganda, inayobadilika kila siku. Ya pili inapima kusikilizwa kweli. Ya kwanza inafungua milango ya shoo. Redio wapelekeeni toleo la dakika tatu na nusu, WAV na MP3 ya 320, jina la faili likiwa na msanii, wimbo na namba ya simu ya meneja. Faili inayoitwa "final mix 2 mpya" haifunguliwi na mtu.

KinandaNakawa

Asanteni sana, wakubwa. Nabaki na moja. Tumejaribu The Best, mama anafika ubeti na kiitikio cha kwanza vizuri, kii inapopanda anabanwa. Tukishusha, mpiga saksafoni analalamika kwamba tumempeleka kwenye shapu (alama za kupandisha noti) nyingi, na magitaa yanapoteza nyuzi za wazi. Tunapatanishaje?

FundiMikisa_Ntinda

Anzeni mwishoni. Mwambie aimbe kiitikio cha mwisho peke yake, kile kilichopanda, katika kii nne, mkishuka nusu-toni kila mara. Chagua ile anayoweza kuirudia mara tatu mfululizo bila kukaza shingo. Kisha hesabu kurudi nyuma upate kii ya mwanzo. Wengi wanachagua kii kwa ubeti wa kwanza, ndiyo maana wanabanwa mwishoni.

Kushuka nusu-toni mbili au tatu ni kawaida. Ikizidi nne, ubeti unazama chini ya besi na maneno hayasikiki. Hapo ama inueni melodia ya ubeti, ama acheni kii isipande kabisa, mweke saksafoni ibebe kilele badala yake. Hakuna atakayewadai.

Kuhusu ugomvi wa vyombo: tuseni magitaa yote na besi nusu-toni chini. Mkipiga maumbo ya E, inasikika Eb (E iliyoshushwa nusu-toni), nyuzi za wazi mnazo, na nyuzi zikilegea hivyo wekeni seti ya nyuzi nene kidogo, namba 11 badala ya 10, zisipwaye. Alto huandikiwa kii tofauti na yetu: sisi tukiwa Eb, yeye anasoma C, hana shapu hata moja. E ya kawaida ingemweka kwenye C shapu, yaani shapu saba, ana haki ya kulalamika. Wewe wa kinanda piga Eb kwa vidole, kile kitufe cha kuhamisha kii usikiguse.

BesiBwaise

Na kama wimbo lazima upande, pandeni toni nzima hadi F: alto anasoma D, shapu mbili tu. Magitaa hapo yanapiga maumbo ya F shapu, wabane nyuzi zote kwa kidole, au watumie kapo (kibano cha shingo ya gitaa).